Herufi moja kwenye kromosomu ya 11

"Sisi kwetu ugonjwa huu hatuujui."

Mama mkwe wa mdogo wangu aliyasema hayo tukiwa tumekaa kwenye benchi la kliniki. Mjukuu wake alikuwa amelala mapajani mwake, vidole vya mikono yote miwili vimevimba mpaka ngozi inang'aa. Karatasi za majibu alikuwa nazo mdogo wangu. Mtoto: SS, yaani ana sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu. Mama: AS. Shemeji yangu naye alikwisha kupima: AS. Mama yule hakusema kwa ukali. Alisema taratibu tu, lakini kila mtu pale benchini alielewa neno hilo lilikuwa linamwendea nani, na mdogo wangu akainamisha uso.

Nesi akajaribu kuweka mambo sawa. "Mama, hawa wote wawili wana jeni ya sikoseli. Si mmoja."

"Sasa kama wote wanayo, mwanangu, mbona wote ni wazima? Na kama wao ni wazima, mtoto kautoa wapi?"

Nesi akaitwa chumba cha pili. Foleni ilikuwa ndefu, hakurudi.

Swali la mama yule limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Ni swali zuri kuliko jibu alilopewa. Nimelizungusha, nimesoma, nimewauliza watu wa maabara, na kila nilipolifuata limenirudisha kwenye mambo manne ambayo tuliyakariri shuleni bila kuyaunganisha: DNA, jeni, kromosomu, aleli.

## Jeni hiyo sote tunayo

Naanza na lile lililonisumbua zaidi katika jibu la nesi. Hakuna jeni ya sikoseli.

Ipo jeni ya beta-globini. Kazi yake ni kuelekeza utengenezaji wa sehemu moja ya himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya damu. Mama mkwe anayo. Wewe unayesoma unayo, tena nakala mbili. Mtu ambaye nakala zake zote mbili zimeharibika kabisa hawezi kuendelea kuishi bila kuongezewa damu mara kwa mara. Kwa hiyo kusema fulani "ana jeni ya sikoseli" na fulani hana ni kuwagawa watu mahali ambapo hawakugawanyika.

Kinachotofautiana ni maandishi yaliyomo ndani ya jeni hiyo. Maandishi ya aina moja tunayaita A, ya aina nyingine S. Hizo A na S ndizo aleli. Jeni moja, aleli mbili tofauti. Mwenye SS nakala zake zote mbili ni S, mwenye AA zote ni A, na mwenye AS ana moja ya kila aina. Zipo na nyingine, kama C, inayopatikana zaidi Afrika Magharibi.

Nilitafuta namna ya kumweleza mama yule bila ubao na chaki, nikaishia kwenye kitu ambacho kila nyumba ya kwetu inacho.

Chukua doti ya kanga kabla haijakatwa. Vipande viwili, kila kimoja na pindo lake, mji wake, na jina lake limeandikwa mahali pale pale. Uzi ndio DNA. Kipande kizima ni kromosomu. Mahali pa jina ni jeni. Na maneno yenyewe yaliyochapwa pale ndiyo aleli. Tofauti yake na doti ya dukani ni kwamba vipande hivi viwili havikutoka kiwanda kimoja: kimoja umepewa na mama, kingine umepewa na baba. Ndiyo maana jina linaweza kuwa lile lile kwenye vipande vyote, au kipande kimoja kikawa na herufi moja iliyobadilika.

Karibu kila seli yenye kiini mwilini mwako ina doti 23. Vipande 46.

Jambo moja ambalo mfano huo haulionyeshi vizuri ni ukubwa. Kromosomu ya 11, ambamo jeni ya beta-globini imo, ina herufi za DNA zipatazo milioni 135. Jeni yenyewe, kutoka inapoanza hadi inapoishia, ni herufi 1,600 hivi. Na katika DNA yote tuliyonayo, sehemu inayoandika protini haifiki asilimia 2. Kwa hiyo kila jeni ni DNA, lakini DNA iliyo nyingi si jeni za protini. Baadhi ya sehemu hizo nyingine zina kazi kubwa, kama itakavyoonekana mwishoni. Jeni zinazoandika protini ni kama 20,000, zimegawana kromosomu hizo, na kila moja ina mahali pake maalumu.

Humo humo kliniki alikuwepo mtoto mwenye hali ya Down, na nilisikia watu wakiziweka hali hizi mbili kapu moja, "magonjwa ya kurithi". Zinatofautiana sana. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake huko Ufaransa walitangaza kwamba watu wenye hali ya Down wana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili. Maandishi ya jeni zao hayana kosa lolote. Kilichozidi ni kipande kizima. Na mara nyingi sana si kitu kilichokuwepo kwa mzazi, hutokea wakati yai au mbegu inatengenezwa. Kwenye sikoseli hesabu ya kromosomu iko sawa kabisa. Ukizitazama kwa darubini hutaona tofauti yoyote kati ya mtoto wa SS na mtoto wa AA.

Tofauti iko kwenye herufi moja.

## GAG, GTG

Herufi za DNA ni nne: A, T, G na C. (Hiyo A ya herufi isichanganywe na ile A ya aleli, ni majina yaliyogongana tu.) Seli husoma jeni kwa herufi tatu tatu, na kila tatu zinaita asidi amino moja ya kuunganishwa kwenye mnyororo wa protini.

Kwenye aleli A, tatu zinazohusika hapa ni GAG. Zinaita asidi ya glutamiki, nayo inakaa nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta. Kwenye aleli S, herufi ya katikati ni T: GTG. Hizo zinaita valini.

Hayo tu.

Mnyororo wa beta una asidi amino 146. Zilizobaki 145 hazikuguswa. Aliyeonyesha hilo ni Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge miaka ya 1956 na 1957: alikatakata himoglobini ya watu wasio na ugonjwa na ya wagonjwa, akailinganisha kipande kwa kipande, akakuta tofauti iko sehemu moja peke yake.

Nilipofika hapa nilisimama. Inawezekanaje herufi moja ivimbishe vidole vya mtoto?

Asidi ya glutamiki ina chaji na inapatana na maji. Valini inayakwepa maji. Himoglobini ikiwa imebeba oksijeni, valini hiyo haina madhara makubwa. Ikishaiachia oksijeni huko kwenye viungo, umbo la protini hubadilika kidogo, na valini hupata mahali pa kujishikiza kwenye himoglobini ya jirani. Hiyo nayo hushikwa na nyingine. Huundwa nyuzi ndefu, ngumu, zinazoisukuma seli nyekundu kutoka ndani mpaka inapinda kama mundu. Seli laini iliyozoea kupenya kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe sasa inakwama. Zinazofuata nyuma zinakwama pia. Mfupa mdogo wa kidole unakosa damu, na kidole kinavimba. Ndivyo dalili za kwanza zinavyoanza kwa watoto wengi.

Na seli hizo hazidumu. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyojaa himoglobini S huishi siku 10 hadi 20. Uboho ulio ndani ya mifupa, unakotengenezwa damu, haufui dafu kuzirudishia kwa kasi hiyo, ndiyo maana damu ya hawa watoto iko chini siku zote na macho yana umanjano.

Kuna mkanganyiko mwingine hapa, na naona ni vizuri kuutatua. Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini. Haina kromosomu, haina DNA. Basi ugonjwa wa jeni unaikutaje? Jibu liko kwenye uboho. Seli mama zilizomo humo zina kromosomu zote 46, na huko ndiko jeni ya beta-globini inakosomwa. Seli changa inajaza himoglobini, kisha inakitupa kiini chake kabla ya kuingia kwenye mzunguko wa damu. Mpaka inapotoka, protini imeshatengenezwa, iwe na glutamiki au na valini. Kwa hiyo tiba yoyote ya kubadilisha DNA haina cha kufanya kwenye damu inayozunguka. Lazima iende kwenye uboho.

## S haijalala

Sasa lile swali la mama: mbona wazazi ni wazima?

Vitabu vya sekondari vinajibu kwamba aleli A inatawala na S inafichika. Jibu hilo linampitisha mwanafunzi mtihani, lakini linaacha picha ya aleli iliyojificha kimya mpaka siku ikutane na mwenzake. Sivyo ilivyo.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko California waliipitisha himoglobini kwenye umeme na kuona kwamba ya watu wasio na ugonjwa na ya wagonjwa hazisafiri kwa mwendo mmoja. Walipopima ya watu wa AS, walikuta za aina zote mbili. Aleli zote mbili zinasomwa, kila siku, kwenye kila seli changa ya damu. Mwilini mwa mdogo wangu, na mwilini mwa shemeji, himoglobini S inatengenezwa sasa hivi ninapoandika. Kawaida ni chini ya nusu ya yote. Kilichowakinga ni ile nyingine: himoglobini A ikichanganyika humo, nyuzi hazijengeki kirahisi, na seli inabaki na umbo lake.

Kwa hiyo S inafichika au haifichiki? Inategemea unatazama nini. Ukitazama ugonjwa, inafichika, maana inahitaji nakala mbili. Ukitazama protini kwenye maabara, A na S zote zinaonekana wazi. Kufichika hakumo ndani ya DNA. Ni kile tunachokiona sisi tulioko nje.

Hili lilinigusa kuliko yote niliyoyasoma. Kwa sababu watu wa AS huambiwa "huna ugonjwa" na wanaondoka wakidhani hawana kitu.

## Nusu kwa nusu

Yai linapotengenezwa, kila jozi ya kromosomu inaachana. Yai linachukua moja ya 11, si mbili. Kwa mama wa AS, nusu ya mayai yana kromosomu yenye A na nusu yenye S. Kwa baba ni hivyo hivyo kwenye mbegu. Zikikutana, nafasi ya mtoto kupata S kutoka pande zote mbili ni 1 kati ya 4, nafasi ya kuwa AS ni 2 kati ya 4, na ya kuwa AA ni 1 kati ya 4.

Hesabu hii inaeleweka vibaya kila mahali. Nimewasikia wazazi wakisema, "Tumeshapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama." Hapana. Kila mimba inaanza upya. Yai la mwezi huu halina habari za yai lililopita. Familia inaweza kupata watoto wanne wazima, na nyingine ikapata watatu wa SS mfululizo.

Na sasa jambo lililonifanya nisitake kuandika kwa muda. Shemeji ni AS. Ile S yake ameipata kwa mmoja wa wazazi wake. Yaani, karibu bila shaka, ama mama mkwe mwenyewe ni AS, ama mumewe. "Kwetu hatuujui" haiwezi kuwa kweli kwa namna aliyoisema.

Nilikuwa na jibu, na sikujua nilifanyie nini. Kumwambia kulikuwa sawa na kuchukua lawama kichwani mwa mdogo wangu na kuitua kichwani mwake. Ni lawama ile ile, imehama mtu tu.

Mwishowe nilimweleza ile doti ya kanga, polepole, nikiwa nyumbani kwake na si mbele ya watu. Alisikiliza. Akaniuliza kama manjano machoni ni sehemu ya ugonjwa huo. Nikamwambia ndiyo, mama. Akasema mama yake mzazi alizika watoto wawili wadogo waliokuwa na manjano na maumivu ya viungo, na kwamba siku hizo ilisemwa ni mambo ya watu.

Hakuongeza neno, nami sikumuuliza zaidi. Ila tangu hapo ndiye anayempeleka mtoto kliniki.

## Kwa nini iko kwetu

Kama aleli hii inaua watoto, ilipaswa kupungua kizazi hadi kizazi mpaka iishe. Haijaisha. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na SS. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni 11,000 kwa mwaka.

Aliyelifumbua fumbo hili alikulia Kenya. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini na kulelewa Gilgil, kwenye Bonde la Ufa. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa udaktari wa Oxford, alirudi na msafara wa kwenda Mlima Kenya, akawa anakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Akaona watu wa AS ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache sana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Akaiona ramani nyingine chini ya hiyo: ya mbu na malaria. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake.

Kimelea cha malaria kali hakistawi vizuri kwenye seli za mtu wa AS. Mahali penye malaria nyingi, mtoto wa AA yuko hatarini kwa malaria, mtoto wa SS yuko hatarini kwa sikoseli, na mtoto wa AS ana nafuu kuliko wote wawili. Wakikua, hao ndio wanaopata watoto na kuipitisha S mbele. Aleli ile ile inayomuumiza mjukuu ndiyo iliyowavusha mababu zake utotoni. Ningependa kila kikao cha familia chenye kutafuta "nani kaleta" kianze hapo.

Kuna kitu kingine kinachoonekana ukiacha kutazama aleli peke yake na kutazama kromosomu inayoibeba. Kabla ya kuachana kwenye yai au mbegu, kromosomu mbili za jozi hubadilishana vipande. Kwa karne nyingi, herufi zilizo karibu na S zimejipanga kwa namna kadhaa tofauti, na wanasayansi wakazipa majina ya mahali: Benin, Senegal, Cameroon, Bantu, na ya Uarabuni na India. S yenyewe ni ile ile, GTG pale pale. Kilichotofautiana ni maandishi yanayoizunguka. Kwa miaka mingi tofauti hizo zilifanya waamini kwamba badiliko hilo lilitokea mara kadhaa, sehemu mbalimbali. Mwaka 2018 Daniel Shriner na Charles Rotimi walichambua DNA kwa upana zaidi na kuona dalili za chanzo kimoja, kitu cha miaka 7,300 iliyopita.

Huko Oman inapatikana zaidi ya aina moja, mojawapo ikiwa ya Bantu. Anayejua historia ya Zanzibar na Maskati hahitaji kuelezwa njia iliyopita: majahazi, ndoa, biashara, na watu waliochukuliwa utumwani. Imeandikwa kwenye kromosomu ya 11 ya watu wanaoishi leo, na baadhi yao bado wanazungumza Kiswahili majumbani.

## Tiba iko kwenye kromosomu nyingine

Mtoto wa mdogo wangu alizaliwa akiwa hana tatizo lolote. Miezi ya kwanza alinenepa vizuri. Watoto wote wa SS huwa hivyo, kwa sababu tumboni mwa mama tunatumia himoglobini ya aina nyingine, inayoandikwa na jeni mbili zilizo karibu na ile ya beta kwenye kromosomu hiyo hiyo ya 11. Hizo hazina herufi iliyobadilika. Baada ya kuzaliwa, mwili unazipunguza taratibu na kuipa nafasi ile ya beta. Ugonjwa unaanza kuonekana pale.

Amri ya kuzizima inatoka mbali kidogo. Inatoka kwenye jeni iitwayo BCL11A, iliyoko kwenye kromosomu ya 2. Yaani jeni za kromosomu moja zinaongozwa na jeni ya kromosomu nyingine, na hapo ile picha ya kila jeni kukaa mahali pake ikifanya kazi yake peke yake inakwisha.

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya Casgevy, na Marekani ikafuata Desemba. Wanachukua seli mama za uboho wa mgonjwa, wanakata DNA kwenye sehemu inayoiwasha BCL11A ndani ya seli za damu, kisha wanamrudishia. Himoglobini ya utotoni inarudi kwa wingi. Bei iliyotangazwa Marekani wakati huo ilikuwa dola milioni 2.2, na mgonjwa hupewa kwanza dawa kali ya kuufuta uboho wake wa zamani. Sioni ikifika kwa mtoto wa kliniki yetu hivi karibuni, na inanikera kwamba wengi wanaoihitaji wako huku.

Kilichopo ni haidroksiurea, vidonge vya kumeza kila siku, ambavyo navyo huongeza himoglobini hiyo ya utotoni. Matokeo ya utafiti wa REACH, uliofanyika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, yalitoka mwaka 2019: watoto waliotumia walipungukiwa na maumivu, wakahitaji kuongezewa damu mara chache zaidi, hata malaria na vifo vikapungua. Swali la mzazi kwa daktari liwe hilo: mtoto wangu anafaa kuanza lini?

Neno la mwisho kwa waliosikia kwamba Casgevy "inaondoa sikoseli". Inaondoa mateso, na si jambo dogo. Lakini waliyemtibu, kromosomu zake za 11 hazikuguswa. Herufi T bado iko pale pale kwenye zote mbili, na mayai au mbegu zake hazikuingia kwenye tiba hata kidogo. Kila mtoto atakayemzaa atapokea S moja kutoka kwake. Akioana na mtu wa AA, watoto wote watakuwa AS. Akioana na mtu wa AS ambaye hajawahi kupima, kila mimba ina nusu kwa nusu ya kuwa SS, hata kama mzazi mwenyewe sasa ana afya ya kukimbia mbio.